Kizibo cha Mpira

Jumatatu, 11 Machi

Daftari hili kanipa binti yangu. Anasema niandike, nisije nikamalizia hasira zangu kwa mtangazaji wa televisheni. Yeye ni mwalimu, huko aliko, na walimu wanaamini kila ugonjwa una daftari lake. Haya, mwalimu, naandika.

Kesho mama yake anaanza dripu za uvimbe wa tumboni. Ni ishirini, kila Jumanne na Ijumaa, wiki kumi. Daktari ni mwanamke mfupi anayeongea akikutazama usoni, nami nampenda kwa hilo, nitasema kwa nini. Ametuambia jambo moja mara tatu: zisikatizwe. Uvimbe ukipigwa mfululizo unanywea. Ukipewa nafasi ya kupumua unarudi na nguvu mpya. Ishirini bila kuruka. Mke wangu akamjibu, "Huyu mume wangu hajawahi kuruka hata chai ya saa nne, sembuse dripu."

Binti alitaka kutukodia teksi. Nimekataa. Nimekuwa fundi magari miaka thelathini na minne, halafu mke wangu apelekwe hospitali na mtu asiyejua kubadilisha plagi? Gari langu lina miaka ishirini na saba. Limezeeka, lakini na mimi je?

Leo nimelikagua. Breki, taa, wipa. Mvua zimeanza, na maji yanapenya kwenye mlango wa abiria na kutuama miguuni pake. Nimenyanyua zulia, nimekuta dimbwi, nikang'oa kile kizibo cha mpira kilichoko sakafuni ili maji yatokee chini. Tundu lake halizidi ukubwa wa sarafu. Kesho atakanyaga pakavu. Nimefurahi kama niliyemnunulia viatu.

Sasa lile la daktari. Mimi sisikii vizuri. Sauti nene nazipata. Nyembamba zimeniaga, huu mwaka wa pili. Ndiyo malipo ya kuishi na kichwa ndani ya boneti. Nasoma midomo, natikisa kichwa, nacheka wenzangu wakicheka. Hakuna anayejua. Fundi asiyesikia injini ni sawa na mpishi asiye na ulimi, na mimi sitaki kuhurumiwa na mtu.

Jumanne, 12 Machi

Dripu ya kwanza. Mvua tangu kwenye geti letu hadi geti la hospitali, mwendo wa saa moja na nusu. Alifunga kioo chake hadi juu kwa sababu ya baridi. Changu nakiacha wazi vidole viwili hata kama mvua inanipiga, la sivyo sisikii honi.

Alisema gari linalia, tik tik tik, hasa likipanda mlima. Nikamwambia ni valvu, magari ya zamani huwa yanaongea. Akasema tena kwamba linanuka. Nikamuuliza, "Ulitaka linuke waridi?" Alicheka. Amerudi kichwa kinamuuma.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua.

Ijumaa, 15 Machi

Dripu ya pili. Ametapika mara mbili tukiwa njiani kurudi. Daktari alishatuonya kwamba dawa zenyewe ni kali. Miguu yake mikavu, angalau hilo.

Jumanne, 19 Machi

Ya tatu. Amelala njia nzima, kwenda na kurudi. Yeye ambaye zamani hakuwa akilala ndani ya gari hata tukisafiri siku nzima, kwa sababu alikuwa na kazi ya kunifundisha kuendesha. Kiti kile bila maneno yake ni kitupu.

Jumapili, 24 Machi

Leo ameamka mzima. Amefua mapazia, ameniambia shati langu linafaa kufutia kijiti cha kupimia oili, amecheka mpaka akashika mbavu. Nimemtazama nikajiuliza huyu ni mgonjwa gani. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu ni mke wangu. Jumanne na Ijumaa narudishiwa gunia.

Naanza kuichukia ile hospitali. Naandika hapa kwa sababu binti akinisikia atanisomea somo zima.

Ijumaa, 29 Machi

Ya sita. Kwenye taa za barabarani Kobe alisimama kando yetu na pikapu yake. Kobe tulifungua gereji pamoja, tukagawana spana, tukagawana na uzee. Jina tulimpa kwa sababu bolti moja kwake ni kazi ya asubuhi nzima. Alishusha kioo, akaongea sana huku akionyesha kidole chini ya gari langu. Mvua ilikuwa kwenye kioo, midomo yake sikuiona. Nadhani alikuwa anasifia matairi yangu mapya. Nikampungia mkono, nikanyanyua dole gumba, taa ikaruhusu.

Mke wangu alikuwa amelala.

Ijumaa, 5 Aprili

Ya nane. Sina la kuandika. Anasema kichwa chake ni kama kimefungwa kamba.

Jumanne, 9 Aprili

Ya tisa. Daraja la chini limefurika. Tumekaa kwenye foleni kwa muda wa karibu saa tatu, injini inanguruma, vioo vimefungwa, mimi na upenyo wangu wa vidole viwili. Tulipofika hakuweza kushuka. Nilimwita, akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amewahi kuniona wapi. Walimleta kiti cha magurudumu.

Muuguzi mmoja, yule mwenye miwani, alinigeukia. "Mzee, mbona anatapika na dripu hatujamwekea?"

"Ni woga," nikamwambia. "Akiona jengo lenu tu tumbo linageuka."

Aliniangalia kidogo, akaandika kitu. Naongeza pembeni, baadaye: alikuwa ameniuliza swali zuri kuliko yote, nami nililijibu kwa ujuaji wangu. Wakati ule sikulijua hilo. Nilichojua ni kwamba mke wangu anauawa mara mbili kwa wiki na mimi ndiye dereva.

Alhamisi, 11 Aprili

Amesema haendi tena.

Alilisema jikoni, akipanga vikombe, kwa sauti ya mtu anayesema chumvi imekwisha. "Tisa zinatosha, baba watoto. Kama ni kufa, nife nikijijua. Siku za dripu sijijui."

"Daktari alisema ishirini."

"Daktari hapandi lile gari akarudi amekufa nusu."

Pembeni, baadaye: alisema lile gari. Namnukuu sawasawa. Nami nikasikia hospitali.

Ningeweza kumpinga. Binti angempinga, angekuja na basi la usiku akasimama mlangoni. Mimi nilishusha pumzi. Ndiyo, naandika ukweli: nilifurahi. Nilimwambia, "Basi tusiende." Akaweka kikombe cha mwisho, akanishika bega, na wote wawili tulijiona tumeshinda.

Ijumaa, 12 Aprili

Tumekaa nyumbani. Kichwa hakijamuuma.

Jumanne, 16 Aprili

Tumekaa nyumbani. Mzima. Muuguzi amepiga simu, sikupokea.

Ijumaa, 19 Aprili

Mzima kabisa. Amepika. Nimesema moyoni, mnaona?

Jumapili, 21 Aprili

Nitaandika kwa mpangilio.

Leo aliomba nimpeleke kwa dada yake, ng'ambo ya mji. Mvua ilikuwa kubwa. Alikuwa amejipamba, amejifunga kitambaa chake cha kijani, anaongea, ananikosoa gia. Baada ya nusu saa akanyamaza. Nilipomtazama, kichwa kilikuwa kimelalia kioo. Tulipofika kwa dada yake alifungua mlango akatapikia maua ya watu. "Kichwa," akasema. "Kimerudi kichwa."

Dada yake alimpeleka ndani akamlaza. Mimi nilibaki kibarazani. Nikawaza kama ninavyowaza gari la mteja: toa kimoja, angalia kingine. Dripu hakuna, ni siku kumi na mbili. Hospitali hakuna, iko upande mwingine wa mji. Woga hakuna, alikuwa anakwenda kwa dada yake. Nikatoa hiki, nikatoa kile, vikabaki viwili: gari na mimi.

Nilitembea hadi kwenye gari, nikafungua mlango wake, nikanyanyua zulia pale miguu yake inapokaa. Kwa chini lilikuwa jeusi. Nikapitisha kidole, kikatoka na masizi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tumerudi vioo vyote vinne vikiwa wazi, yeye amejifunika blanketi la dada yake, mvua inatulowesha wote. Aliniuliza nina wazimu gani. Nikakanyaga mafuta.

Jumatatu, 22 Aprili

Niliamka alfajiri kwa sababu mvujo wa ekzosi, bomba la moshi, hutafutwa injini ikiwa baridi. Chuma kikipata moto kinatanuka, kinajiziba kidogo, kinakudanganya. Mvua ilikuwa imepumzika. Nililitoa gari uani, nikalipandisha jeki, nikaweka magogo chini ya chasisi, nikaziba mdomo wa bomba la nyuma kwa tambara ili moshi ukose njia na kujitokeza kule penye tundu. Nikawasha, nikaingia chini.

Kazi hii inafanywa kwa sikio. Nimewafundisha watu kumi na zaidi: chukua mpira wa maji, urefu wa mkono, ncha moja sikioni, nyingine ipitishe polepole kwenye bomba. Penye mvujo utasikia mtu anakutemea mate. Niliupitisha mpira toka kwenye injini hadi kwenye sailensa. Nikarudi. Nikabadilisha sikio. Hakuna kitu, ukimya wa pamba. Nikajua kwamba hata kama gari lile lingekuwa linapiga kelele tangu mwezi wa tatu, na lilikuwa linapiga, mimi ningeendelea kupiga mluzi.

Nililala pale chini ya gari langu nikalia. Mwanamume wa miaka sitini na sita, na mpira sikioni.

Niliona miguu ya mke wangu kwanza, ndani ya soksi zangu. Alikuwa amebeba kigoda. Alikiweka, akakaa, akainama akaniangalia, kisha akanyoosha mkono.

"Lete," akasema. Midomo ilikuwa kwenye mwanga, nikaisoma vizuri. "Wewe shika huko, mimi nisikilize."

Nikamwambia asogee. Nilimkalisha upande upepo unakotoka, mbali kadiri mpira ulivyofika. Akaweka ncha sikioni. Nikapitisha ncha yangu kwenye bomba, sentimita kwa sentimita, namtazama mkono wake. Kiungo cha kwanza, mkono umetulia. Kona ya kwanza, umetulia. Nilipofika kwenye kiungo cha pili, pale flanji mbili, midomo bapa ya mabomba, zinapokutana na kubanwa kwa bolti tatu, aliunyanyua mkono juu.

"Hapo. Tik tik tik. Ni huyo huyo."

Nikazima injini. "Huyo huyo yupi?"

"Wa siku zote. Nilikwambia siku ya kwanza."

"Nilikwambia ni valvu."

"Ulisema hivyo, na mimi nikajua husikii." Alikuwa anaukunja mpira mapajani. "Nilijua zamani. Unajibu mambo ambayo sikuuliza. Simu ya binti unanipa mimi kila mara. Sasa nishikilie kwamba gari linalia, useme halilii, mpaka useme mwenyewe kwamba masikio yamekufa? Mbele ya nani, mbele ya kina Kobe? Nikaona nikusitiri."

"Ungeniambia tu."

"Na wewe ungeniambia tu." Kisha akatabasamu kidogo. "Sikio la kufa halisikii dawa, wanasema. Kumbe halisikii hata ekzosi."

Nilichukua kioo chake kidogo cha kujipaka wanja, kwa sababu kiungo kile upande wa juu huwezi kukiona kwa jicho, umebanana na sakafu. Nikakiinamisha. Bolti moja kati ya tatu ilikuwa imekatika, imebaki kisiki chenye kutu. Gasketi, ule ukanda wa kuziba katikati, upande huo ilikuwa imeungua yote. Hapo juu ya upenyo, kwenye bati la sakafu, masizi yalikuwa yametandaa kwa umbo la kipepeo, na katikati ya kipepeo kulikuwa na tundu, duara safi, ukubwa wa sarafu.

Moshi wa injini unaokuua hauna rangi wala harufu. Hiyo harufu tunayoinusa ni ya wenzake tu. Na mimi niliuchimbia mlango, nikauelekeza chini ya sketi ya mke wangu, nikamwekea na mvua ili afunge kioo. Mwenyewe nilikaa kwenye upenyo wangu.

Nilitoka nikamwambia yote. Kizibo, maji, viatu vyake. Nilimwambia kichwa chake hakikuwa cha dripu, kutapika kwake hakukuwa kwa dripu, au kulikuwa kidogo tu. Nilimwambia dripu pengine angezimudu.

Aliziangalia soksi.

"Kumbe zile tisa nilikuwa naziweza," akasema.

Jumanne, 23 Aprili

Kobe alikuja na drili yake na mtungi wa gesi. Mganga hajigangi. Alikuwa tayari anajua. "Nilikuonyesha pale kwenye taa," akasema, akihakikisha namwona mdomo. "Nikakwambia mwana, ekzosi imekatika, utamuua mama huyo. Ukaninyanyulia dole." Kisha akaona uso wangu, akaanza kufunga taulo kichwani kama mtu mwenye haraka.

Kisiki cha bolti tulikipasha moto hadi kikawa chekundu, tukakitia mafuta, kikakataa. Tukapasha tena. Kikakataa. Mwishoni tukakitoboa kwa drili, tukakitoa vipande vipande. Tukazisugua flanji kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, tukaweka gasketi mpya, bolti mpya zote tatu, tukakaza kwa zamu, hii kidogo, ile kidogo, ili kiungo kikae sawa. Kobe kwa ukobe wake. Sikumharakisha.

Kizibo nilikikuta kwenye kopo la nati, nilikokitupa ile Jumatatu. Nilikiosha, nikakirudisha kwa mkono. Kiliingia bila hata nyundo. Kukirudisha kulichukua muda wa kufunga kifungo cha shati.

Tukaziba tena bomba la nyuma, tukawasha injini, tukapaka povu la sabuni kwenye kiungo. Halikuvimba hata tone. Mke wangu akaletewa mpira. Alisikiliza sana, macho kayafumba.

"Kimya," akasema.

Nilipiga simu hospitali mwenyewe. Nilimwomba muuguzi aongee polepole, kwa sababu sisikii vizuri. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuyatamka maneno hayo kwa mtu wa nje.

Ijumaa, 26 Aprili

Tumekwenda. Mvua njia nzima, kioo chake kimefungwa, changu vidole viwili. Aliongea saa moja na nusu. Alinikosoa kwenye mizunguko yote, nami niliitikia kila neno. Alishuka kwa miguu yake. Muuguzi wa miwani alisema, "Mama, leo umechangamka."

Daktari hakumwekea dripu. Alimpima tumbo, akapima tena, akasema kwanza apigwe picha. Majibu Jumanne.

Jumanne, 30 Aprili

Daktari alinitazama usoni kama kawaida yake. Nilitamani atazame pembeni, nisione midomo.

Uvimbe umerudi na umetambaa hadi kwenye ini. Dripu hazitasaidia tena, zitamtesa bure. Nilimweleza habari za gari. Nilimuuliza kama ni zile wiki tulizokatiza.

"Mzee, hakuna anayeweza kulijua hilo. Wengine humaliza ishirini na bado."

"Na wengine humaliza wakapona."

Aliitikia kwa kichwa. Ni mtu mkweli.

Njiani kurudi mke wangu aliniomba nisimwambie binti. "Mwache na huzuni moja. Ukimwambia utampa na hasira, na hasira atakutupia wewe, na mimi sitakuwepo kuamua." Niliapa. Nilikuwa tayari kuapa chochote.

Jumapili, 5 Mei

Amekula vijiko vitatu.

Alhamisi, 9 Mei

Mvua.

Jumapili, 19 Mei

Hawezi kutembea sasa. Binti amekuja, yuko chumba cha pili. Mke wangu aliomba nimbebe hadi kwenye gari. Nikamweka kwenye kiti chake, nikashusha vioo vyote, nikawasha. Hatukwenda popote. Aliweka kiganja juu ya dashibodi.

"Linalia?" nikamuuliza.

"Limetulia," akasema. "Unalitunza vizuri." Alisema kwa wema, na wema wake ulinichoma kuliko angenitukana. Nilimwomba radhi. Akasema nimeshaomba mara kumi na nne, amehesabu, na kwamba nikiomba tena atashuka aende kwa miguu.

Jumatano, 12 Juni

Tulimzika jana. Mvua zimekatika wiki nzima, udongo ulikuwa mkavu. Watu wengi walinipa mkono na kusema maneno ambayo sikuyasikia. Nilitikisa kichwa kwa wote.

Alhamisi, 13 Juni

Kimya. Najua kwamba hata angekuwepo kingekuwa kimya, kwangu. Lakini si kimya hiki.

Ijumaa, 14 Juni

Asubuhi hii binti aliomba gari aende sokoni. Aliliwasha uani, akaliacha lipate moto, akaja kukaa ngazini karibu nami. Nilikuwa nimetazama chini ya gari, kwenye kile kiungo, na nikagundua kwamba hakuna tena mtu wa kuniambia.

"Linalia?" nikamuuliza.

"Halilii, Baba." Akanigeukia. "Kwani wewe husikii?"

Miaka hii miwili swali hilo nina jibu lake tayari, huwa ni utani. Nilimwona mama yake ameshika mpira sikioni, amefumba macho, anasikiliza kwa niaba yangu. Sisi wawili tulisitiriana mpaka tukamzika mmoja. Niliapa nisimwambie mtoto, na naijua hasira atakayonitupia. Nitaipokea.

"Sisikii, mwanangu," nikamwambia. "Kazime gari, uje ukae."

Ameingia kuzima. Anarudi sasa hivi. Nikimaliza mstari huu nampa daftari lake, aanze kusoma ukurasa wa kwanza.